Mkufunzi wa Meni Swichi

Kosa lilikuwa langu, na sina wa kumsingizia, maana siku hiyo nilikuwa peke yangu nyumbani kama siku zote. Nilimwona jirani yangu mpya akishusha kwenye bajaji shuka jeupe, spika mbili na projekta iliyofungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, nikajumlisha haraka haraka kwa akili yangu ya kidato cha nne: huyu mama anafungua kibanda umiza cha kuonyeshea mpira. Alipokuja kuniomba sebule kwa ajili ya "onyesho dogo" Jumamosi alasiri, kwa kuwa ukuta wangu ulikuwa mweupe na mapazia ya mke wangu mazito, nikaona hesabu imetimia. Jumamosi ile ilikuwa na mechi, ile mechi inayogawa hata kitanda cha mume na mke. Nikasema karibu sana. Kisha nikatembea mtaa mzima, jambo ambalo silifanyi hata kwa msiba, nikitangaza kwamba mpira utaonyeshwa kwangu, bure, ukutani, mkubwa kama ng'ombe.

Watu walikuja na mabenchi. Mama Silwimba, anayekaanga samaki pale kona, alizima jiko mapema. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia wakaja na viti vyao vya kukunja. Mapazia yakashushwa, projekta ikawaka, watu wakapiga makofi. Ukutani yakatokea machungwa, moja limekatwa vipande. Msichana mwenye sare ya chuo akasimama mbele, akasema, "Hamjambo watoto? Leo tutajifunza sehemu."

"Wachezaji wako wapi?" dereva mmoja akauliza.

Yule jirani yangu akainuka, akaenda mlangoni, akasukuma komeo, akarudi kukaa. "Mmekuja wenyewe," akasema. "Kaeni."

Hivyo ndivyo nilivyomtafutia yule mama darasa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa miaka yote aliyokaa jirani yangu hakuacha kunishukuru, na mimi kwa miaka hiyo hiyo sikuacha kujuta.

Alikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa walimu watarajiwa watumie vifaa vya kisasa darasani: projekta, kompyuta, vishikwambi, hata simu zao za mkononi. Chuoni walimwita Madam. Mtaani tulimwita Mkufunzi, kwa heshima akiwepo na kwa sauti nyingine akiwa hayupo. Alikozaliwa sijui, wala sikuuliza. Nilijua tu kwamba alikohoa kikohozi kimoja kikavu kabla ya kufungua dirisha asubuhi, na kwamba ukikisikia kikohozi hicho upande wako wa ukuta siku ya Jumamosi, siku yako imekwisha.

Kwa sababu baada ya ile siku ya machungwa aligundua utamu. Kila Jumamosi akawa analeta wanachuo wake kwangu kufanya mazoezi, na wanafunzi wao tukawa sisi: mimi, Mama Silwimba, bodaboda wasio na abiria, na dereva yeyote ambaye foleni imemchosha. Nilimwambia, "Mwalimu, si kuna shule za msingi zimejaa watoto?"

"Watoto wana huruma," akanijibu. "Mwalimu akivuruga, mtoto anadhani mjinga ni yeye. Mimi nataka wafundishe watu wazima wenye njaa na mambo yao. Wakiwaweza ninyi, watoto watawaweza."

Mimi sikuwa na njaa wala mambo yangu. Niseme ukweli wa nyumba yangu: mke wangu ndiye anayevuka mpaka kwenda Nakonde kufuata biashara, mimi navuka ua kwenda banda la kuku. Dunia nzima inapita Tunduma, malori ya nchi ambazo hata kwenye ramani sizijui, na mimi nimetulia hapo hapo kama nguzo ya kilomita barabarani. Mtu wa namna hiyo akipata jirani mwenye projekta, hana pa kukimbilia.

Na kama ingekuwa kufundishwa tu, ningevumilia. Tatizo lilikuwa meni swichi.

Katikati ya kila somo, pale ambapo mwanachuo ameanza kuchangamka na picha zinapita vizuri, Mkufunzi aliinuka kimya kama mtu anayekwenda kujisaidia. Alipita koridoni, akanyoosha mkono juu ya mlango wa jiko, akateremsha meni swichi ya nyumba yangu. Kah! Giza. Kisha akarudi, akakaa, akaweka mkoba mapajani, akangoja. Hakusema neno. Alitaka kuona yule kijana atafanya nini.

Nimeona mengi katika giza lile. Nimemwona kijana wa watu akibonyeza kitufe kile kile mpaka kidole kikachoka. Nimemwona mwingine akisema "samahani kwa usumbufu" mara nyingi kama mhudumu wa basi lililoharibika. Binti mmoja alilia. Mwingine alianzisha wimbo, tukaimba, tukaimba tena, na Mama Silwimba akamuuliza kama somo ni kwaya. Mmoja tu, kijana mwembamba kutoka Mkwajuni, alikwenda dirishani, akafungua pazia, akamwomba Mama Silwimba chapati aliyokuwa anakula, akaikata vipande mbele yetu na kuendelea na sehemu zake kama vile projekta haijawahi kuzaliwa.

"Umefanya vizuri," Mkufunzi akamwambia. "Ila chapati ungekuja nayo wewe."

"Na yangu nani ataniunganishia?" Mama Silwimba akauliza.

Sasa, vifaranga wangu waliishi kwa balbu. Kuku wa kisasa hawana mama, wana umeme. Kila alipoteremsha swichi, mimi nilikuwa natoka mbio na jiko la mkaa kuelekea bandani, na nikirudi nakuta somo limepita. Siku moja nikamsimamisha uani.

"Mwalimu, unaniulia vifaranga!"

"Baba Neema, kule vijijini umeme ukikatika, vifaranga wanakufa?"

"Kule wana mama yao!"

"Basi," akasema, "huyo ndiye ninayemtafuta mimi. Mwalimu wa kufanana na huyo mama."

Akaingia ndani. Nikabaki na jiko mkononi, moshi unanipofua. Niambie, mtu wa namna hiyo unagombana naye vipi?

Mtaani kila mmoja alikuwa na kisa chake juu ya ile tabia. Wengine walisema aliwahi kupigwa shoti. Wengine walisema mumewe alikuwa fundi umeme akamkimbia. Mama Silwimba alishikilia kwamba mama yule alizaliwa hivyo, na kwamba mkunga alipowasha taa, yeye aliizima. Mimi sijui. Nilimuuliza mara moja, akanijibu, "Wewe umeshawahi kuona umeme unaolipwa mshahara wa ualimu?" Nikaacha.

Usidhani alikuwa anavichukia vifaa. Hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Projekta ile aliipangusa kwa mtandio wake wa kanisani, na siku nilipoigusa kwa kitambaa cha bandani alinipiga mkono kama mtoto. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Mbozi mwenye kahawa yake na sifa zake, akakaa nyuma akitabasamu kwa dharau, na mwisho akasema kwamba sisi zamani tulisoma kwa chaki na tukafaulu. Mkufunzi akamgeukia. "Mlifaulu wangapi, mzee wangu, na wangapi waliachwa nyuma?" Kisha akawasha video ya moyo wa mtu ukipiga, moyo wenyewe, mwekundu, unafungua na kufunga kama mdomo wa samaki. Dereva mmoja akajishika kifua. Mkufunzi akairudisha mwanzo, akaionyesha tena, na kwa mwanga wa ukutani nikaona naye anaishangaa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hii," akamwambia yule mzee kwa sauti ya chini, "ungeichoraje kwa chaki?" Mzee akawa mpole.

Na bado, kwenye mkoba wake, chini ya nyaya na betri na miwani, lilikuwepo siku zote boksi la chaki.

Kwa upande wa simu yake mwenyewe usiniulize. Ilikuwa simu kubwa ya kisasa, ameifunga kwa mpira wa kufungia noti, na alipopokea alipiga kelele hadi kuku wangu wakanyanyua vichwa. Ujumbe wa sauti hakusikiliza hata mmoja. "Kama ana mdomo na aje," alisema. Alisahau funguo zake kila wiki, hata nikawa ninamtunzia za akiba kwenye kopo la chumvi. Mtu aliyeweza kufungua kompyuta kwa kisu cha mezani na kuifunga ikafanya kazi, aliunguza ugali kila siku ya Mungu. Harufu yake ndiyo iliyotuambia kwamba leo Mkufunzi amepika mwenyewe.

Kulikuwa na swali lake. Somo likiisha, alichagua mmoja wetu na kumuuliza: "Umejifunza nini?" Ole wako useme umeona mashine. Dereva mmoja Mzambia, jitu la mtu lakini mpole sana, aliulizwa siku ya kwanza tu. Akafikiri. "Awe, bamayo," akasema, yaani la, mama, kwa Kibemba, "picha ni safi sana. Rangi, sauti, vyote safi." Yule mwanachuo aliyekuwa akifundisha mzunguko wa maji alijiinamia. Mkufunzi akamwambia, "Umesikia? Umemwonyesha ukuta." Na kijana akaanza upya, Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akapatikana dereva aliyeweza kueleza mvua inatoka wapi.

Nilikuwa nawaonea huruma wale vijana, huruma ya mtu asiyehusika. Halafu binti yangu Neema akajiunga na chuo.

Nilifurahi, nisikufiche. Nilisema, tumekaa na huyu mama miaka, amekula samaki wetu, ametumia ukuta wetu, amemwona mtoto akikua hapo uani. Ujirani nao ni cheti. Mke wangu alisema nisitegemee. Mimi nikategemea.

Mazoezi ya kufundisha Neema alipangiwa shule moja ya msingi huko Igamba. Alijiandaa mno. Alikesha na kompyuta aliyoazima, akatafuta picha za mimea, mbegu inayopasuka, mzizi unaoshuka, jani linalochomoza, zote zikijongea. Siku ya kukaguliwa Mkufunzi akaenda, akakaa dawati la nyuma. Mvua ikapiga, umeme ukakatika. Safari hii haukukatwa na mtu. Ulikatika wenyewe, kama kawaida yake mvua ikipiga. Na mtoto wangu, aliyekulia kwenye nyumba ambayo swichi ilizimwa kila Jumamosi, akawaambia watoto, "Ngojeni kidogo umeme urudi."

Wakangoja. Wamekunja mikono juu ya madawati, wanautazama ukuta. Nje kuna shamba la mahindi limechipua, linaonekana dirishani. Mkufunzi naye akangoja. Kengele ikalia.

Akaandikiwa arudie.

Kurudia maana yake nini? Maana yake wenzake wanapata cheti, yeye hapati. Maana yake anarudi nyumbani kusubiri awamu nyingine ya mazoezi, na akianguka tena hakuna ualimu. Mke wangu aliweka mzigo wa vitenge chini, hata hajavua viatu, akaniuliza, "Baba Neema, huyu mtoto anakuwa mwalimu au anakuja kubeba mizigo na mimi mpakani?" Ndoto ya ualimu Neema alikuwa nayo tangu alipokuwa anawapanga kuku mstari na kuwaita majina. Alilia siku hiyo, halafu akaanza kupanga makopo ya maziwa dirishani, na mimi nikayalalamikia.

Nikafanya kile ambacho baba mwenye akili anafanya. Nikamkamata jogoo wangu mkubwa, yule mwekundu, nikamvusha ua.

"Mwalimu, zawadi kidogo ya ujirani."

Akampokea, akampapasa kifua kama anayemkagua. "Ahsante sana, Baba Neema. Ni jogoo mzuri."

"Sasa kuhusu yule mtoto..."

"Atarudia."

"Lakini Mwalimu, wewe umemwona akikua!"

"Ndiyo sababu," akasema. "Mgeni ningemsamehe. Huyu alikuwepo kila Jumamosi. Aliona giza mara zote hizo akadhani ni mchezo wa kizee. Na madarasa atakayoyafundisha huko mbele, unadhani mengi yana taa?"

"Basi nirudishie jogoo."

"Ushanipa," akasema, akafunga mlango.

Jumapili akatualika chakula. Jogoo wangu. Alimpika mwenyewe, kwa hiyo unaweza kubashiri: nje mkaa, ndani mbichi. Tulikaa kwenye meza yake tukimtafuna kimya kimya, mimi, mke wangu na Neema, na Mkufunzi akituambia kwamba nyama ya jogoo ni lazima itafunwe kwa subira. Tulipotoka, Neema alikataa kuongea nami kwa siku kadhaa. Alisema nimemwaibisha. Mimi! Jogoo nitoe mimi, mtoto aanguke, nyama mbichi nile, na mwenye aibu awe mimi.

Miezi ile ya kungoja ilikuwa ya tabu. Sikumsalimia Mkufunzi, au nilimsalimia kwa kutazama pembeni, jambo lisilomsumbua kwani hakuwahi kutazama alikokuwa anakwenda. Alipokuja na wanachuo wake Jumamosi nilijifanya naumwa, lakini mgonjwa anayelala chumba cha pili na sebule atakwenda wapi? Nikafundishwa kupitia ukutani.

Siku moja, katikati ya wiki, hakuna somo wala nini, nikaona balbu ya vifaranga imezimika. Damu ikanipanda. Nikasema leo atanitambua, leo hata kwenye kitanda changu ameingia kuzima. Nikaingia ndani kwa kishindo, maneno yote nimeshayapanga. Chini ya meni swichi alikuwa amesimama Neema, mkono bado uko juu. Sebuleni hapakuwa na mtu. Alikuwa amewasha kompyuta, amejifundisha mwenyewe mbele ya viti vitupu, na somo lilipokolea akaja kujizimia.

"Baba," akasema, ndiyo mara ya kwanza ananiita tangu jogoo, "njoo ukae uwe darasa."

Nikakaa. Vifaranga nikawapelekea mkaa, nikarudi, nikakaa tena. Alinifundisha mimea mpaka nikaota majani. Alinifundisha kwa picha, swichi ikashuka, akaendelea kwa punje za mahindi alizoziotesha kwenye makopo ya maziwa, hatua kwa hatua, kila kopo na siku yake. Kumbe makopo yale niliyokuwa nayalalamikia dirishani yalikuwa somo.

Awamu ya pili alifaulu. Mkufunzi aliporudi kutoka kumkagua, nilikuwa nje nikimngoja, nimesahau kwamba nimenuna.

"Vipi, Mwalimu?"

"Sasa anaweza kuanza kujifunza," akasema, akanyoosha mkono nimpe funguo zake.

Hiyo ndiyo pongezi. Nyingine hakutoa.

Alistaafu muda si mrefu baadaye, akahamia Igamba, nasikia akalima kahawa vibaya. Nyumba yake akaingia kijana mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake. Jumamosi zangu zikarudi kuwa zangu. Balbu haikuzimika ila kwa sababu za kawaida. Nilikaa barazani nikingoja raha ije, nayo haikuja, ikaja miziki. Hata madereva wa foleni wakawa wananipita na kuuliza, "Darasa limehamia wapi, mzee?" Nilikuwa nawajibu kwa ukali, sijui kwa nini.

Neema alipata shule ng'ambo ya Chitete, akianza kwa kujitolea. Alipiga simu kila alipopanda kichuguu cha mtandao. Mwaka huu, baada ya mvua kwisha, mke wangu alinipakia gunia la mchele na godoro kwenye pikipiki, akaniambia mtoto hana pa kulala vizuri na mimi sina kazi. Nikamwambia kuku. Akaniambia kuku watajilea. Hivyo nikasafiri.

Sitaki kuieleza barabara ile, nitaieleza tu kidogo: bodaboda alikuwa anaendesha na mimi nilikuwa nasali, na vumbi lilikuwa linatuangalia sote wawili bila huruma. Nilishuka nikiwa na rangi moja na godoro. Shule ni madarasa machache ya matofali, umeme haujafika. Nikasikia sauti ya Neema, nikaisogelea, nikachungulia dirishani.

Alikuwa amekiweka kishikwambi ndani ya beseni la bati ili sauti itoke nje kwa nguvu, na watoto wamelizunguka beseni kama watu wanaokula pamoja. Nyuma kabisa, kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, mkoba mapajani, amekaa Mkufunzi.

Nilijua anachotafuta. Nikamtazama mkono wake kama mtu anayemtazama nyoka. Hapakuwa na swichi pale, hata ukuta wenyewe haukuwa na waya. Halafu, bila kuguswa na mtu, kishikwambi kikafa. Kioo kikawa cheusi.

Neema hakukitazama hata. Alikuwa bado anaongea. Akakifunika kwa daftari kama mtu anayefunika chakula, akachukua fungu la vijiti na kamba nyuma ya mlango, sauti yake haijapungua, akawatoa watoto nje. Wakasambaa uwanjani wakikimbia, wakichomeka, wakivuta, wakibishana. Mkufunzi akainuka taratibu, akatoka nao. Aliweka mkono ukutani akitembea. Akamshika bega mtoto wa karibu naye, akamuuliza lile swali lake, "Umejifunza nini?" Mtoto akajibu, akajibu kwa kirefu, na mwenzake akadakia kumalizia. Mimi macho yangu yalikuwa usoni kwa yule mama. Nilitaka kuona kama mwanangu amefaulu. Uso ule ukabaki kama mlango uliofungwa.

Nikamsogelea. "Shikamoo, Mwalimu."

Alinipapasa mkono kwanza, kisha akasema, "Marahaba, Baba Neema. Unanuka vumbi." Nikaona macho yake. Yalikuwa yameingia ukungu, yanatazama mahali nilipo lakini hayanifikii.

"Umefuata nini huku kote, na macho hayo?"

"Nimekuja kumsikia mtu wangu."

"Wewe una watu wako wangapi? Chuo kizima si chako?"

"Waliofaulu mara ya kwanza ni wa chuo," akasema. "Waliorudia ni wangu. Nawapitia mmoja mmoja, kadiri bodaboda wanavyonivumilia."

Mimi nikikosa la kusema nasema lolote. Nikamwambia, "Lakini kile kishikwambi kimezimika katikati, Mwalimu, nimekiona kwa macho yangu. Haikuwa makosa yake, ni chaji."

Akageuza kichwa. "Kilizimika?"

"Kilizimika."

"Saa ngapi?"

"Kabla hawajatoka nje."

Watoto walikuwa wanapiga kelele na kamba zao, na Neema kati yao, ananiona kwa mbali, ananipungia mkono wenye chaki.

"Mimi sikusikia palipokatika," Mkufunzi akasema.

Nikangoja aendelee. Nilikuwa nimekula vumbi lote lile, nimemngoja huyu mama aseme neno moja jema juu ya mwanangu tangu enzi za jogoo. Akafungua mkoba, akapapasa chini ya nyaya, akatoa boksi la chaki, akaniwekea mkononi. "Mpe," akasema. "Na mwambie anasema haraka mno." Akamwita bodaboda wake kwa ile sauti yake ya kwenye simu, watoto wote wakageuka, akapanda, akaondoka bila kuaga. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mkoba, mwingine hewa.

Nilirudi Tunduma kesho yake. Sikufika hata nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la Mama Silwimba pale kona, nikamsimulia yote. Nikamwambia barabara ilivyo, bodaboda alivyo, godoro lilivyoanguka tukalirudia. Nikamwambia juu ya beseni, kishikwambi, vijiti na kamba, macho ya Mkufunzi, chaki. Nikamwambia kwamba yule mama mpaka leo hawezi kutamka neno "amefaulu", atakufa nalo. Mama Silwimba alikuwa anageuza samaki, hakuniangalia hata mara moja. Nilipomaliza, akaweka mwiko chini.

"Baba Neema," akasema, "umeongea tangu mafuta hayajachemka, na mpaka sasa hujaniambia mtoto alikuwa anafundisha nini. Rudia na wewe."